Kipande cha Mwisho cha Keki ya Ardis

Kwa miaka arobaini, keki ya matofaa kwenye chakula cha mavuno kanisani ilikuwa ya Ardis, na mwaka huu Ardis hayupo. Alifariki Februari bila kuandika kipimo hata kimoja. Mdogo wake, Marlys, ndiye aliyejitwika kuipika. Mdalasini alibahatisha, siagi alibahatisha, na pembeni ikamuungulia kidogo, nusura aitupe. Alitaka kujua jambo moja tu: ladha ya dada yake ameipata, au ameikosa?

Lakini utamuuliza nani? Watu wa Minnesota hawa, huku kaskazini mwa Marekani, ukiwapikia kiatu watakushukuru na kuomba uwaelekeze ulivyokipika.

"Sio mbaya," alisema jirani yake Dorthea, akifuta makombo kidevuni.

"Sio mbaya kama ya Ardis, au sio mbaya tu?"

"Marlys nawe! Sio mbaya, basi. Mbona unanibana kama polisi?"

Marlys akarudi kuosha vikombe, jicho likiwa kwenye trei. Kilipobaki kipande kimoja, ukaanza mchezo wa kila mwaka, maana hapa hakuna mwenye uso wa kuchukua cha mwisho. Mchungaji akapita, akakata nusu. Dorthea akakata nusu ya nusu. Mwingine akajimegea kiasi cha ukucha, kilichobaki akakiacha kwa heshima zote. Marlys hakuambulia jibu, kwani wangefanya vivyo hivyo hata kwa keki ya chumvi.

Ndipo akaja Orrin, mume wa marehemu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Tangu msiba alikuwa akila mkate mkavu, tena kwa kusimama. Kisu hakukigusa. Alikiokota kile kipande kwa vidole, akakitia kinywani, kisha akachukua kijiko na kuikwangua trei, kona baada ya kona.

"Orrin!" Dorthea akamaka. "Cha mwisho hicho!"

"Najua."

Akamgeukia Marlys, macho yamemlowa.

"Shemeji, pembeni imeungua."

"Najua, shemeji. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Dada yako alikuwa akiiunguza hapo hapo, kila mwaka."

Marlys akacheka huku machozi yanamtoka. Aliipokea trei akaenda kuiosha, ingawa haikuwa na cha kuoshwa.