Bomba la Kioko

Kioko alikuwa na magonjwa mawili yasiyo na dawa: Loice na bomba la moshi. Loice alikuwa nesi, Mkamba mwenzake wa Kitui, aliyepanga chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, orofa ya tatu. Bomba lilikuwa chini ya Nissan kuukuu ya Kioko. Siku alipoinunua, kwa ulevi wa gari la kwanza, aling'oa chujio la moshi na sailensa, akafunga bomba pana la kung'aa. Tangu hapo, akitoka kwake Al Wakrah kuja kumwona mpenziwe, mtaa mzima ulijua amefika kabla hajapata pa kuegesha. Loice alikuwa akishuka ngazi amenuna. Kwake yeye hilo halikuwa gari, lilikuwa kinu cha kusaga mahindi chenye magurudumu.

Basi likaja la kuja. Mama Loice alikuwa anatua Doha Ijumaa, kumtembelea bintiye na, tusifichane, kumkagua huyo kijana anayesifiwa kwenye simu. Kioko alishaapa kumpokea uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe. Lakini istimara, ile kadi ya gari, ilikuwa inaisha wiki hiyohiyo. Bila ukaguzi hakuna istimara mpya, na kwa bomba lile, kukaguliwa ilikuwa ni kujipeleka machinjioni.

Loice hakumung'unya maneno.

"Mama yangu akibebwa na teksi na wewe una gari," alisema, "usijisumbue kutuma wazee Kitui."

Sikwambii jinsi maneno yale yalivyomwingia. Kioko alipiga magoti, akaingiza mikono uvunguni mwa kitanda chake, akatoa chujio na sailensa za zamani zilizolala humo na viatu vibovu, akazikimbiza kwa Dedan, fundi Mkenya wa kule Sanaiya, mtaa wa magereji. Dedan alimcheka mpaka akakaa chini, kisha akafunga kila kitu mahali pake. Gari likawa kimya, na mwenyewe aliona aibu kidogo kuliendesha.

Alhamisi asubuhi, akielekea kwenye ukaguzi, alipitia kwa Loice, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Kimya cha gari kilikuwa kikubwa mno hata ikabidi abishe hodi kama mgeni. Alingoja asifiwe. Weee. Loice alisema tu "sawa," akamwekea chai na mandazi, kisha akachukua ufunguo wa gari akidai amesahau sweta humo. Alikawia huko chini hadi chai ikapoa, na aliporudi hakuwa na sweta yoyote. Kioko alifikiri bado ana hasira, naye mtu mzima hamuulizi mwanamke mwenye hasira habari za sweta.

Kituo hakikuwa mbali. Foleni ilisogea, na zamu yake ikafika. Mkaguzi, mzee wa Kisudani mwenye miwani, aliingiza kipimo kwenye bomba, akamwashiria akanyage mafuta. Kioko akakanyaga, roho mkononi. Moshi mweupe ukafumka nyuma. Akageuka mbele, huko nako moshi ulikuwa unapenya kwenye kingo za boneti. Na huo moshi, jamani, ulinukia chapati.

Kioko aliota macho wazi. Alimwona Mama Loice kwenye teksi, akawaona wazee wake wanarudishwa langoni Kitui na mbuzi wao. Mkaguzi alinusa, akanusa tena, akauliza kwa upole kama kuna mtu anapika humo ndani. Alifungua boneti, akapitisha kidole kwenye injini iliyokuwa iking'aa, akakipeleka puani.

"Zeituni," alisema.

Hapo Kioko akaelewa. Kando ya televisheni ya Loice kulikuwa na kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyoombewa kwenye ushirika wao wa kanisa, ule wa kila Ijumaa. Kioko aliwahi kutaka kuyakaangia mayai, akafukuzwa jikoni. Alimpigia simu palepale, akamuuliza kama ameligusa gari.

"Nilimimina kwa injini," alisema Loice, "halafu nikakumbuka shida yako iko nyuma. Nikamimina na huko. Kioko, niliomba sana."

Mwanamke aliyelitukana gari lile miaka miwili, aliyetoka kuwahudumia wagonjwa usiku kucha, alikuwa ameinama kwenye maegesho na kuliombea bomba. Kweli mapenzi ni kikohozi. Kioko alifuta macho kwa mkono wa shati, akamwambia mkaguzi ukweli wote. Mzee yule alicheka mpaka miwani ikamshuka. Alimpa tambara, akamwambia asogee pembeni, apanguse kila mahali na aache injini iungurume mpaka ishibe, kisha arudi. Aliporudi, moshi ulikuwa umekwisha, kipimo kikakubali, na gari likapita.

Ijumaa, uwanja wa ndege, Loice akiwa kando, Kioko alimsalimu Mama Loice macho chini, kama anavyosalimiwa mama mkwe, akapakia masanduku. Mama alilizunguka gari polepole, akagonga mlango mmoja, akainama kutazama bomba dogo la kawaida.

"Gari la mtu mtulivu," alisema Mama. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya mafuta ya zeituni, na haikuwa kichupa, ilikuwa chupa. "Litakalombeba binti yangu haliwezi kwenda hivihivi. Fungua hapo mbele, mwanangu."

Loice alijifunika uso kwa mikono miwili. Kioko alimtazama mama mkwe wake, akatazama ile chupa, akaenda kufungua boneti.