Wiki ya Kutazama Mikono

Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, na kipindi cha kuchora cha darasa la nne nilikuwa nimeshaamua kukifuta, kiende kwenye hisabati. Kwangu kuchora kulikuwa hivi: unaweka ubaoni nyumba, mnazi na jua, watoto wananakili, unawapigia vema. Mnazi, hapa Iyunga kwenye baridi! Na wala sikuona ajabu.

Evarista, mwalimu wa kipindi hicho, binti aliyehamia kwetu kutoka Ipogolo kule Iringa, akaniomba wiki mbili tu.

"Zikiisha, amua utakavyo, mwalimu."

Wiki ya kwanza watoto hawakuchora hata mstari. Aliwaagiza wakatazame mikono ya mtu anayewapikia: inavyoshika, inavyopumzika, ina alama gani. Kutazama tu! Nilikasirika, madaftari matupu. Jumatano akaja Mama Gwakisa, khanga begani.

"Madamu, huyu mtoto mmemfanya nini? Ananikodolea macho mikononi mpaka nimeunguza kande!"

"Kamuulize Evarista," nikamjibu, nikaanza kuandika ratiba mpya bila kusubiri.

Wiki ya pili wakachora, penseli bila kifutio. "Ukikosea usifute," Evarista aliwaambia. "Tazama tena, uchore mstari mwingine pembeni." Niliingia darasani na ratiba yangu mkononi, nimejiandaa kukemea.

Nikaanza kupita dawati hadi dawati. Gwakisa alichora mikono ya mama yake ikimenya ndizi, utomvu mweusi umeganda kwenye kucha. Nkuba, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliotokea Usangu, alichora ya baba yake, maana mama alishafariki. Kiganjani kulikuwa na kovu la kamba ya ng'ombe. Hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Nilimkubali binti yule, nikamwonea na wivu.

Kisha nikafika kwa Yunisi, mjukuu wangu ninayeishi naye. Alikuwa amechora mkono umeshika mwiko, kidole gumba kimepinda kwenda nje. Ni changu. Kilivunjika nikiwa msichana, na nilivyozoea kukificha, hata marehemu mume wangu hakuwahi kukitaja.

"Kinakuuma, bibi?" akanong'ona.

"Baridi ikizidi, mama."

Machozi yakanitoka mbele ya watoto sitini, sikujali.

Evarista alikuwa anaitazama ratiba niliyoshika. "Umeamuaje, mwalimu?"

Nikaichana. "Chukua na darasa la tano," nikamwambia.