Waliolazwa Kipupwe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, saa nne asubuhi. Mwinjuma alikuwa kasimama kwenye tope la magoti, kashika ukingo wa mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mkewe Mwanaheri kalala ubavu, uchungu umemshika tangu alfajiri. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Maji yalikupwa yakaisha, mto wa kwendea bara ukabaki tope na kaa. Mtumbwi haukusogea mpaka saa saba. Mwanaheri hakuifikia saa saba, wala mtoto.

Kisiwani Nyambwera wodi ya wazazi ilikuwepo, na vitanda vyake viwili na bango lake. Mkunga ndiye hakuwepo. Wakubwa waliopima kiwanja walikuja siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, wakakuta pakavu, wakapiga vigingi. Mwinjuma, aliyeishia darasa la nne, aliwaambia hapo bamvua maji yanafika kiunoni. Wakamuuliza yeye ni mhandisi wa wapi. Jengo likaisha, maji yakaingia. Wakajenga kizingiti cha kuyazuia. Maji yakapanda kizingiti, yakaingia tena, safari hii yakakosa pa kutokea. Mkunga aliyeletwa alivumilia mabamvua mawili, akaomba uhamisho.

Mwanaheri aliondoka na swali lake. Mwaka mzima wavuvi hunasa farasi wa bahari nyavuni, wakawarudisha majini. Kipupwe kikiingia, haonekani hata mmoja.

"Baba Hanifa, hivi huwa wanakwenda wapi?"

"Waulize wenyewe," alikuwa akimjibu, mkono uko kwenye wavu.

Kipupwe cha mwaka uliofuata Mwinjuma akawaona. Walitoka mtoni kwa mstari, wima, wakitembelea mikia juu ya tope, kila mmoja urefu wa kiganja. Wenye matumbo waliachiwa mbele. Walifika kwenye kizingiti, wakapanda mmoja mmoja, wakaingia wodini. Mwinjuma akaweka chini panga lake la kukatia mikoko, akachungulia dirishani. Walikuwa wamejizungusha mikia kwenye miguu ya vitanda, wanangoja zamu. Akatia mkono: maji yalikuwa na uvuguvugu, kama ya kumkandia mzazi. Wenye matumbo walikuwa madume, maana kwao baba ndiye anayezaa. Wakakaa arobaini zao, wakatoka na watoto, wakarudi baharini. Ikawa hivyo kila mwaka.

Alikwenda kaburini kumjibu mkewe.

"Wanakwenda wodini," alisema. "Ileile yetu."

Kisha akarudi kwenye mikoko yake.

Mwaka huu Hanifa, binti yao, ana mimba ya miezi minane. Mwinjuma aliandikisha barua tatu za kuomba mkunga. Ya tatu ikajibiwa: alikuja Abdulrazaq, kijana wa takwimu, na boti ya injini na koti la kuelea ambalo hakulivua hata nchi kavu.

"Shikamoo mzee. Wodi inafanya kazi?"

"Marahaba. Chungulia mwenyewe."

Akachungulia. Dume mmoja alikuwa akijikamua pembeni mwa kitanda, watoto wakimtoka kama ufuta unaomwagika. Abdulrazaq akatoa kishikwambi.

"Tangu kipupwe kianze wamezaliwa wangapi?"

"Elfu mbili hawapungui," alisema Hanifa, aliyekaa kwenye kizingiti, miguu ndani ya maji. Farasi mmoja alikuwa kamzungushia mkia kwenye kidole gumba.

"Mama waliofariki?"

"Humu hajazaa mama," alisema Mwinjuma.

"Kwa hiyo hakuna." Akagonga kioo cha kishikwambi. "Mzee, mna wodi nzuri. Kuna vituo havifikishi ishirini."

"Hao ni samaki, bwana mkubwa."

"Nawaona. Fomu inauliza waliozaliwa, haiulizi ni nani."

"Basi na mimi niote mkia," alisema Hanifa.

"Ukiota mkia utaambiwa mumeo ndiye azae," alisema baba yake.

Abdulrazaq alicheka, tena kwa adabu. Kisha akaeleza taratibu kwamba kituo kinachozalisha elfu mbili bila mkunga kimeonyesha kuwa kinajiweza. Kulikuwa na mkunga aliyekwisha kupangiwa Nyambwera, mwanamke hodari, anaitwa Mwamini. Sasa angepelekwa kwenye uhitaji. Akampa Mwinjuma mkono, akawaomba waendelee hivyohivyo.

Mwendesha boti akapiga mluzi. Maji yalikuwa yanatoka, na asiyewahi angekaa matopeni mpaka saa saba. Abdulrazaq alikimbia, akarukia ndani, injini ikawaka.

Mwinjuma akamfuata mpaka pale pale alipowahi kushika ukingo wa mtumbwi. Tope likamfika magotini. Akakusanya mikono mdomoni, akapaza sauti juu ya mlio wa injini:

"Bwana Abdulrazaq! Hao kipupwe wana pa kwenda. Huyu wangu akishikwa uchungu maji yamekupwa, aende wapi?"