Jicho la Mwalimu Khelef

"Mgeuze taratibu," alisema Jaku. "Bega niachie mimi."

Tamim aliweka kopo chini, akasaidia kumlaza marehemu baba yake, Mwalimu Khelef, ubavu. Kitanda cha kuoshea kililia. Maji yenye majani ya mkunazi yalitiririka juu ya mawe ya ua, yakaingia mferejini.

Nje, uchochoro wote ulikuwa umejaa. Walikuja kutoka Mbweni, Chwaka, hata Tumbatu: nesi, fundi wa mashine za boti, muuza madafu, watu wazima wenye watoto wao, na kila mmoja kavaa kofia ya buluu iliyopauka. Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Khelef aliwafundisha vijana besiboli katika kisiwa ambacho kila mtu anauliza habari za kandanda tu. Wengi wao walianza kwa kugonga mpira kwa kipande cha ubao, kwa kuwa magongo hayakuwepo.

Jaku aliitwa kwa simu baada ya sala ya alfajiri. "Ameusia umwoshe wewe," Bi Ghaliya, mjane wa marehemu, alimwambia, akakata.

Usia wenyewe haukumshangaza. Riziki yake Jaku aliipata kwa kufua mashuka ya hoteli, lakini mtaani alijulikana kwa kuosha maiti, na aliyemfundisha ni huyu aliyelala mbele yake. Mwaka aliozama mwenzao wa timu, watu walipoogopa kumgusa, Mwalimu alimshika Jaku viganja vyote viwili. "Usimkamate kama gunia," alimwambia. "Mpokee. Mpira ukija kwa kasi, mkono si unarudi nao nyuma kidogo? Basi ni hivyo hivyo." Tangu siku hiyo hakuna maiti aliyegongwa hata kisigino mikononi mwa Jaku.

Leo mikono ilimtii mpaka ilipofika usoni. Pale ikasita.

Jicho la kushoto lilikuwa limedidimia, kope zimeshikana kama mfuko ulioshonwa mdomo. Lilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tano.

"Mimi nilikuwa Maskati lilipoharibika," alisema Tamim, akiokota kopo na kuchota maji. Aliyasema bila nia yoyote, kama mtu anayetafuta la kusema mbele ya maiti ya baba yake. "Aliniambia mpira wa mazoezi ulimpiga. Alisema hakuangalia."

Jaku angeweza kunyamaza. Muosha hufunika anachokiona kwa maiti. Hilo pia alifundishwa. Lakini aibu hii haikuwa ya maiti.

"Hakuweza kuangalia. Alikuwa kanipa mgongo. Nilimwita, akageuka, na mimi nshaurusha."

Tamim alimtazama.

"Nilimpiga mtoto mdogo wa timu, Mwalimu akanitoa kwenye safari ya Dar es Salaam kwa adhabu. Nilikuwa na miaka kumi na saba." Jaku aliliweka sawa bega la maiti. "Sikukosea, Tamim. Nilitaka kumuumiza."

Kopo lilibaki hewani, maji yakidondoka kwenye kingo zake. Kisha Tamim aliliweka chini polepole, akapita mlango wa ndani, akatoweka.

Jaku alibaki amelishika bega. Hakuweza kuliachia, angeliachia, Mwalimu angepinduka. Alikumbuka asubuhi iliyofuata siku ya ule mpira, Mwalimu amesimama mlangoni kwao, bandeji imemfunika nusu ya uso, na mama yake Jaku analia kwa kudhani polisi wako nyuma. Mwalimu alisema jambo moja tu: "Mazoezi saa kumi. Usichelewe." Jaku alikwenda. Alikwenda siku zote zilizofuata, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuambiwa.

Tamim aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Mama anajua. Alijua tangu siku ile ile. Mimi tu ndiye niliyefichwa." Aliokota kopo. "Anasema baba alikusamehe. Yeye hajakusamehe. Kakuita kwa sababu kausiwa."

"Na wewe?"

"Mimi sijui. Tumalize."

Wakamaliza. Tamim alimimina, Jaku akaosha, na lile jicho akalipitishia pamba mara tatu, kwa wepesi zaidi kuliko alivyowahi kugusa kitu chochote. Wakamkausha, wakamtia kafuri, wakamvika sanda, nguo moja juu ya nyingine. Jaku alipofunga fundo la mwisho, Tamim alimwambia bila kumtazama:

"Jeneza usilishike."

"Sawa."

Wanaume wakaingia, wakalinyanyua. Tahalili ikapanda, ikazipita baraza za mawe, ikakata kona. Jaku aliwasikia wenzake wa timu wakipokezana jeneza bega kwa bega, akiwatambua kwa sauti tu, mpaka uchochoro ukanyamaza.

Alikung'uta taulo. Aliyamwaga maji yaliyobaki. Alichukua ufagio wa chelewa akayasugua mawe, jiwe kwa jiwe, hata yale ambayo hayakuchafuka.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mtu akajongea.

"Jaku," iliita sauti ya Bi Ghaliya.

"Naam, Bi."

Pazia likatikisika, kisha likatulia. Jaku aliusimamisha ufagio ukutani. Alisimama pale pale juu ya mawe mabichi, maji yakimchuruzika vidoleni, akasubiri.