Waranti ya Miaka Mitano

Simu iliita saa tatu asubuhi, Mzee Sleyum akiwa uani anamwagilia mlangilangi wa mkewe.

"Mzee wangu, mzigo wako umefika," alisema Mudathir, mwenye duka la vifaa vya bafuni kule Ngamiani. "Jakuzi la watu wawili, waranti miaka mitano, kama ulivyotaka. Usiniambie umebadili mawazo!"

Sleyum alilitazama kopo mkononi mwake. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu amwagize Mudathir amtafutie jakuzi la kudumu, na miezi saba tangu amzike mkewe, Shamsiya. Angeweza kulisema hapo hapo likaisha. Badala yake alisema, "Nakuja," akavaa kanzu, akatoa baiskeli.

Njia nzima kutoka Sahare alijiambia kwamba anakwenda kumweleza yule bwana uso kwa uso, kwa sababu habari ya msiba haipendezi kuitoa kwenye simu. Aliliamini hilo mpaka alipofika mlangoni pa duka na kusikia mngurumo.

Lile jakuzi la maonyesho waliloliona yeye na mkewe lilikuwa palepale, limejaa maji, linatoa mvuke mwembamba.

Shamsiya alikuwa na magoti mabovu. Zamani, magoti yalipoanza kumsumbua, mumewe alikuwa akimpeleka kwenye chemchemi ya maji moto ya Amboni, yale yanayonuka kiberiti, naye alirudi mwepesi, jioni akapika huku anaimba. Baadaye hata ule mteremko wa kushukia kwenye maji ukamshinda. Ndipo Sleyum akaanza kumchemshia maji uani kwa sufuria kubwa, akiyapima joto kwa kiwiko, akimkanda kwa kitambaa. Alipouza shamba la michungwa aliloachiwa na baba yake kule Muheza, alimwambia mkewe, "Sasa nitakununulia maji moto yako mwenyewe."

Siku ya kwanza kuja dukani hapa walikuja wote wawili. Wakati Sleyum anauliza maswali, Shamsiya alivua viatu, akainua baibui kidogo, akaketi ukingoni mwa hilo hilo la maonyesho na kutumbukiza miguu. Akafumba macho.

"Baba Wafa, hili hili," alisema.

Lakini Sleyum alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya mkonge kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kununua kitu bila kukitazama chini. Alilala kifudifudi sakafuni, akamulika kwa tochi.

"Fremu ya mbao," alisema kutoka kule chini. "Mchwa watashukuru. Pampu yenyewe sijawahi kuisikia jina. Waranti mwaka mmoja! Na maji yetu ya kisima yana chumvi. Hili halifiki mbali, mama Wafa."

"Mwanangu," Shamsiya alimwambia Mudathir, "huyu alipokuja kuniposa hakuuliza maswali hata robo ya haya."

Duka zima lilicheka. Kisha akamgeukia mumewe. "Mashine ngapi zilikufa Muheza ukazifufua wewe? Leo kapampu kamoja unakatafutia waranti?"

"Mwaka mmoja ni mdogo. Tusubiri tupate la kudumu."

"Haya," alisema, akaitoa miguu majini. "Tusubiri."

Nyayo zake za majimaji zilibaki kwenye vigae mpaka mlangoni. Sleyum aliziona siku ile na hakuzitia maanani. Sasa alijikuta anavitazama vigae vile vile.

"Shikamoo, mzee!" Mudathir alimjia mikono miwili. "Nilikuwa nawaambia wenzangu, yule mzee akilikubali hili, tunachinja mbuzi."

"Marahaba. Msimnolee kisu bado."

"Na bibi yuko wapi? Kakuachia uje peke yako? Haogopi utauliza mpaka tufunge duka?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sleyum alifungua kinywa.

"Yuko nyumbani," alisema.

Neno lilipotoka, likawa kweli. Yuko nyumbani, amekaa upenuni na miguu juu ya kigoda, anasubiri aambiwe. Sleyum alisikia kifua kikilegea kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, naye akainama kulitazama jakuzi jipya kwa furaha aliyoionea haya.

Aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alimulika chini. Fremu ilikuwa ya plastiki nzito, si mbao. Alitaka kuoneshwa kipashio cha joto, akauliza kama ni chuma kisichoshika kutu, kwa maana pale Sahare hata bati la banda la kuku lilikuwa limetoboka kwa upepo wa bahari. Akavaa miwani, akasoma karatasi ya waranti mstari kwa mstari.

"Hapa wanasema hawalipi yakiwa maji ya chumvi."

"Tutakufungia chujio, mzee."

"Na hapa, hawalipi umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu."

"Tutakufungia kifaa cha kuzuia."

"Sasa hiyo miaka mitano wanailipia nini? Kusipoharibika kitu ndipo wanalipa?"

"Mzee, wewe unanunua jakuzi au unaoza binti?"

Walicheka. Sleyum alikuwa tayari anapanga namna atakavyomsimulia mkewe neno hilo, atakavyolitilia chumvi, na yeye atakavyojibu. Alikuwa anafika kwenye jibu lake, anaisikia kabisa sauti, Mudathir alipofungua kitabu cha fomu.

"Waranti tuandike jina la nani? Lako au la bibi?"

"La kwake. Shamsiya binti Nassor."

Mudathir aliandika kwa herufi kubwa, taratibu. "Basi," alisema, akigonga mhuri, "kuanzia leo, miaka mitano bibi hana wasiwasi."

Wino wa mhuri ulikuwa bado mbichi. Sleyum aliliangalia lile jina. Mara ya mwisho kuliona limeandikwa ilikuwa kwenye kibali cha mazishi.

"Lifute," alisema.

"Nimekosea herufi?"

"Hujakosea. Ameshafariki, mwanangu. Presha ilimpanda Alhamisi alfajiri, adhuhuri tukamzika. Mwezi wa saba huu."

Mudathir alitua kalamu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Hakuuliza kwa nini mzee alimdanganya.

Sleyum alitaka kueleza. Alitaka kusema kwamba maji ya mwisho ya moto ya Shamsiya aliyachemsha yeye mwenyewe, kwa sufuria ile ile, yametiwa majani ya mkunazi. Kwamba aliyapima kwa kiwiko yasije yakamuunguza, kisha akawapa ndoo mlangoni wanawake waliomwosha. Lakini alisema jingine kabisa.

"Hili la mlangoni limeharibika mara ngapi?"

"Lipi, hili? Halijaharibika, mzee. Linawaka kutwa. Waranti yake imeisha, nalo halijui."

Sleyum alilisogelea. Pampu ile isiyo na jina ilikuwa inanguruma sawasawa, bila kukwama, bila kukohoa. Aliisikiliza kwa muda mrefu, kama alivyozisikiliza pampu zote za maisha yake, na hakuona kosa.

"Maji yake ni yale yale ya siku ile?"

Mudathir alitaka kushangaa, kisha akaelewa.

"Tunayabadilisha kila wiki, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Sleyum aliitika kwa kichwa. Alijua. Alivua viatu, akaikunja kanzu, akaketi ukingoni upande wa kushoto, akatumbukiza miguu. Maji yalikuwa ya moto kuliko alivyodhani.

"Nipelekee hili," alisema.

"Mzee, hili halina waranti. Fremu ya mbao, wewe mwenyewe ulisema. Likiharibika?"

"Nitalitengeneza."

Mudathir alichana ile fomu taratibu, akaiweka mfukoni badala ya kuitupa. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Basi nilizime, vijana waanze kulifungua?"

"Liache kwanza," alisema Sleyum.

Mudathir akaurudisha mkono.