Herufi Tano za Mzee Pandu

Wewe ulikuwa dirishani. Usinikatalie, nilikuona. Jumapili ile, saa nane mchana, ghorofa ya pili ya jengo linalotazamana na letu hapa Jeppestown, ulikuwa umeshika kikombe. Mzee Pandu alipotokeza getini na godoro lake begani, ukavuta pazia. Pazia la maua ya njano. Mimi sisahau. Kutazama na kukumbuka, hiyo ndiyo kazi niliyojipa tangu nilipotoka Tanga, maana hakuna aliyenifundisha nyingine.

Lakini nianze na milango.

Jengo letu zamani lilikuwa karakana ya viatu. Mwenye nyumba aliukata ukumbi kwa mbao, akapata vyumba ishirini, na Jeff, msimamizi wake, akaandika herufi kwa chaki juu ya kila mlango, A mpaka T. Tulizizoea hata tukaitana kwazo. "K kaunguza maharage!" "Mwambieni N apunguze redio!" Mimi nilikuwa T, mwisho kabisa. Placide, Mkongo fundi wa makochi, alikuwa R. Mzee Pandu wa Unguja, mchomelea vyuma, alikuwa D, na hakuwa na neno na mtu.

Askari walikuja alfajiri ya Alhamisi, wakisaka wageni wasio na vibali. Mimi nilikwisha toka kuwahi meza yangu ya vitenge Newtown; Jeff alinifungulia geti, akalifunga nyuma yangu. Niliporudi nilikuta mlango wangu umelala chini kama mlevi. Walivunja R, S na T tu. Placide alichukuliwa ana soksi mguu mmoja. Dada wa S alichukuliwa na mtoto mgongoni.

Milango mitatu katika ishirini. Nani aliwaelekeza?

Shaka ikiingia nyumba ya mbao haina pa kutokea. Siku tatu watu walipika kimya. Simu ikilia, mazungumzo yote yanakatika, kila sikio linaelekea ukutani. Ndipo Elisée, mdogo wake Placide, akatuita wote koridoni. Mkononi ana daftari alilolichomoa chini ya godoro la Mzee Pandu.

"Yaya Mayasa, soma. Weye njo unajua Anglais."

Yaya kwao ni dada. Kweli nakijua. Nimejifunza Kiingereza kwenye vipeperushi, kwenye notisi za kufukuza wapangaji, kwenye magazeti yaliyofungia samaki. Nikapanda juu ya kreti, nikafungua. Juu ya ukurasa palikuwa na herufi tano zilizozungushiwa wino mwekundu: A, E, R, S, T. Chini yake maneno, moja moja, yamejipanga kama gwaride: STARE. TEARS. RATES. RATS. Halafu ARREST.

"Hilo la mwisho ni kukamata," nikasema, na nyumba ikanguruma.

"R, S, T! Si milango hiyo!"

"Na A na E je?" mtu akauliza.

"Zamu yao bado."

Nilijibu mimi. Hakunisukuma mtu. Maneno yale hayakuunda sentensi hata moja, na kwa sababu hayakuunda, nikatangaza kwamba ni lugha ya wapelelezi. Aliyejifundisha mwenyewe huona haya kusema sijui.

Mzee Pandu alisimama, kofia mkononi. "Mwanangu Mayasa, huo mchezo tu. Wangu na mjukuu wangu."

"Mjukuu gani? Miaka minne hatujamwona."

"Mama yake hapendi aje huku."

"Eish, mzee, tunga nyingine!" Wakacheka.

Yeye alinitazama mimi, si wao. "Basi nipe daftari langu."

Sikumpa.

Wiki ile mtaani kulikuwa na watu wakiwasimamisha wageni kuwadai vitambulisho, na asiyekuwa nacho alionja rungu. Tulijua sote. Wewe pia ulijua. Tukamtoa hivyohivyo, mchana kweupe, na Jeff akamfungulia geti akimpapasa bega kama mtu anayemsindikiza mfiwa.

Jumamosi ya pili yake nikamkuta msichana wa miaka kumi na miwili ameketi ngazini, daftari mapajani.

"Ngifuna umkhulu wami," akasema. Akaona nimekaza uso, akahangaika kutafuta Kiswahili, kikamkwama. "Babu. Babu Pandu."

Jina lake Saida. Kiswahili anakisikia, kukijibu hawezi. Na Kizulu chake babu hakukiweza. Kwa hiyo kila siku mtoto alimpigia simu kutoka Braamfontein, akamtajia herufi tano, na jioni kila mmoja akasoma maneno ya Kiingereza aliyoyapata, kila herufi mara moja tu kwa neno. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Nikamletea daftari la mzee. Akaliweka kando ya lake: herufi zilezile, wino uleule mwekundu. Kidole chake kikashuka mpaka ARREST, akacheka kidogo. R mbili! Babu ameiba. Tangu Jumapili simu ya babu haikupokewa, ndipo akaja mwenyewe kubishana naye.

Nilishuka nikalitazama geti. Milango yetu ya mbao ilivunjwa, lakini kufuli la chuma halikuwa na mkwaruzo. Lilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ni mmoja, unaning'inia shingoni mwa Jeff. Tena R, S na T ndio sisi tulioandika barua ya kumshitaki mwenye nyumba kwa kutukatia maji. Barua hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Mimi, niliyejipa kazi ya kutazama, nilimshuku mwenye daftari nikampita mwenye ufunguo.

Nilipanda kreti lilelile, nikasema nimekosa, nikasema na habari ya ufunguo. Nusu ya nyumba ilitazama sakafu. Jeff alitabasamu. Ufunguo bado uko shingoni mwake.

Nimemtafuta mzee misikitini, hospitalini, vituo vya polisi. Hayupo. Getini petu kona haionekani, ukuta unaiziba. Pale barabara inagawanyika: kulia kwenda stesheni, kushoto kwenda kwa wale wa marungu. Ningejua alishika ipi, ningejua pa kuanzia, na kama nimtafute mtu au kaburi.

Dirishani kwako kona inaonekana. Na pazia lako ni jepesi, rafiki yangu. Ulilivuta, lakini hukuondoka. Kivuli chako kilibaki pale mpaka mwisho.

Leo Jumamosi. Saida yuko ngazini na herufi tano mpya. Weka kikombe chini. Shuka, sasa hivi, umwambie: kulia, au kushoto.