Pampu Kabla ya Mahaplag

Nilichoona kwanza ni matone. Wanaume walikuwa wanapandisha jeneza la dada Amparo nyuma ya gari, pale uwanja wa ndege wa Tacloban, na chini ya mlango wa mbele maji yalikuwa yanadondoka, rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Nilidhani shemeji Dulo ameyaona, maana gari ni lake na fundi wake ni yeye mwenyewe.

Dada alikuwa amerudi kutoka Kuwait, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Karatasi iliyokuja naye ilisema amekufa kwa moyo. Tulikwenda kumpokea watatu: mimi, shangazi Isidra, na shemeji, mume wa dada. Shemeji alishaamua kwamba mkewe atazikwa kwao, Sogod. Mama yetu yuko Baybay na miguu yake haifanyi kazi tena. Aliomba jambo moja tu, mwanawe azikwe karibu, ili yeye aweze kusukumwa hadi kaburini. Shemeji alimjibu kwa simu kuwa kaburi limeshachimbwa.

Tulipoanza kupanda milima ya Mahaplag, injini ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, mvuke ukafumuka chini ya viti. Tukashuka. Shangazi akafanya ishara ya msalaba.

"Hataki," alisema. "Amparo hataki Sogod. Maiti akikataa njia, gari haliendi. Nani asiyejua?"

"Ni pampu ya maji, shangazi." Shemeji alikuwa anainua kiti cha mbele, maana injini iko chini yake. "Gari hili ni rika lako. Limeanza kuvuja."

"Mimi sivuji, mkosa adabu wewe!"

Hata mimi nilicheka kidogo. Kisha shangazi akaweka kiganja juu ya jeneza. "Nisikilize, Dulo. Njia panda iko hapo mbele. Kulia ni Baybay. Mpeleke kwa mama yake."

Nyuma ya kiti shemeji alikuwa na pampu nyingine, kuukuu lakini nzima, imefungwa kwenye gazeti. Aliipima mkononi.

"Haya. Hii ikikataa kuvuta maji, tunasimamisha gari lolote limpeleke kwa mama yake. Ikivuta, sitaki kusikia neno hilo tena."

"Umesema mwenyewe," shangazi alijibu.

Injini ilipopoa akatoa mkanda, akatoa feni, akaanza kufungua pampu.

"Luming, shika hizi bolti. Usizichanganye, ile ndefu inakaa chini."

Alikwangua mabaki ya gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio yasivuje, kwa wembe, polepole, akipuliza, akipitisha kidole kwenye chuma kutafuta mkwaruzo. Gasketi mpya hakuwa nayo. Akachukua boksi la tambi, akaliweka juu ya pampu na kuligongagonga ukingoni kwa nyundo mpaka umbo likajichora. Mikono yake ilikuwa mipole sana. Dada alipokimbilia kwetu kabla ya Kuwait, hakuwa na meno mawili ya mbele. Mama aliambiwa ameteleza bafuni. Mimi nililala naye mkeka mmoja, nikaambiwa kweli.

Nyuma yangu kulikuwa na bonde; bolti ikitupwa humo isingepatikana tena. Aliponyoosha mkono, nilimpa bolti moja baada ya nyingine.

Alijaza maji, akafunga kifuniko, lakini hakuwasha. Alitazama jeneza, akanitazama mimi. Hakuwa anatania tena.

"Wewe ndiye aliyekuwa akikupenda. Ongea naye, mdogo wangu. Mwambie atupishe."

Niliinama mpaka mdomo ukagusa mbao, nikachezesha midomo. Shemeji akawasha. Mshale wa joto ulipanda, ukapanda. Ukasimama katikati, panapotakiwa. Akagusa mpira wa maji wa juu, akagusa wa chini.

"Imevuta," alisema. "Ahsante, Luming."

Shangazi akatoa rozari yake. Njia panda tulikata kushoto. Simu ililia ndani ya mkoba wa shangazi, ikalia mpaka ikachoka, na sote tulijua ni mama.

Shemeji bado huwasimulia watu kwamba mimi ndiye niliyembembeleza mkewe akakubali kwenda. Huwa naangalia chini. Siku ile sauti haikutoka, lakini maneno niliyokuwa nayo mdomoni ni haya: dada, usikubali. Lizuie gari.